Mwita Ambaye Hakuzaliwa na Kipeuo cha Hasi Moja

Juzi mjukuu wangu aliyeko kidato cha tano alinipigia kwa simu ya matroni kunilalamikia kwamba wameanza namba changamano na haelewi hata mstari mmoja. Nikaanza kucheka. Nikacheka hadi akanuna. "Bibi, mimi nataka kulia, wewe unacheka?" Nikamwambia, mwanangu, sikucheki wewe. Nacheka kwa sababu safari hii wa kusimama ubaoni si mimi. Kukaa hapa Gorong'a kwenye kiti changu, uji wa ulezi kwenye kikombe cha bati, nikijua kuna mwalimu mwingine huko anatokwa jasho kwa ajili ya kipeuo cha hasi moja, hiyo ndiyo pensheni yangu. Ile inayopitia benki ni nyongeza.

Alipokata simu nikaona nisiwe mchoyo. Haya niliyoyapata kwa taabu, bora niwaandikie ninyi vijana mnaosoma hesabu, hasa wale wachache mtakaokuja kuifundisha. Msitegemee nifuate mpangilio. Miaka arobaini ubaoni ilinifunza kwamba mwanafunzi hukumbuka yale uliyoyasema ulipotoka nje ya mada.

Mimi naitwa Robi Mwita. Hilo jina la pili lishikeni, tutalihitaji mbele.

Nilifundisha hesabu katika sekondari moja ya bweni, juu milimani upande wa Tarime, nyakati za ujamaa. Siku zile chaki iliadimika kama sukari. Ikiisha tuliandika kwa muhogo mkavu, na ubao tuliupaka weusi kwa masizi ya betri za redio yaliyotwangwa na kuchanganywa na majani mabichi. Muhogo huandika vizuri, ila usifute ubao kwa nguvu. Unga unapanda puani, na wanafunzi wanaosubiri chakula cha mchana wanaanza kuutazama ubao kwa macho mengine.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Maganga, Mnyamwezi mrefu, mpole, ambaye nguo zake zote zilikuwa na vumbi jeupe mfuko wa kulia. Ndiye aliyekuwa mkuu wa somo la hesabu shuleni. Mimi nilikuja na cheti changu kipya na sauti kubwa, nikapewa kidato cha pili. Siku moja alisimama mlangoni akanisikia nikilifundisha darasa kuhusu vipeuo vya pili. Nilikuwa nimepamba moto. "Namba hasi haina kipeuo cha pili! Chanya mara chanya ni chanya, hasi mara hasi ni chanya, sasa hiyo hasi itatoka wapi? Haiwezekani! Atakayeniandikia kipeuo cha hasi nne atapalilia bustani ya shule peke yake."

Kulikuwa na kijana wa Kewanja, Marwa, mbishi wa kuzaliwa. Aliandika. Akapalilia.

Jioni Mwalimu Maganga akaniita ofisini. Hakunigombeza, hakuwa na tabia hiyo. Akaniuliza tu, "Mwalimu Robi, mtoto wa darasa la kwanza akikuuliza tatu kutoa tano ni ngapi, utamjibuje?"

"Nitamwambia haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huwezi kutoa mbuzi watano kwenye zizi lenye watatu."

"Na akifika darasa la sita?"

"Nitamwambia ni hasi mbili."

"Sasa kati ya darasa la kwanza na la sita, zizi limebadilika?" Akaokota karatasi zake. "Usiseme haiwezekani. Sema, kwa namba tulizonazo leo, hatuwezi. Vinginevyo siku moja watakudai."

Nililipuuza neno lile, nikaja kulikumbuka baadaye. Miaka mitatu ilipita, shule yetu ikapewa mkondo wa hesabu wa kidato cha tano, na nani akachaguliwa kuingia humo? Marwa. Siku Mwalimu Maganga alipowafungulia mada ya namba changamano mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa, najifunza naye. Akaandika ubaoni: kuna namba, tuiite i, ambayo i mara i ni hasi moja. Marwa akageuka taratibu akanitazama. "Mwalimu Robi, shikamoo. Kwa hiyo ile bustani nilipalilia bure?" Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na Maganga akacheka hadi akajishika ukuta.

Basi ninyi mtakaofundisha, hilo ni somo la kwanza.

Somo la pili ni la plau. Enzi zile Elimu ya Kujitegemea haikuwa maneno ya ukutani. Shule ilikuwa na shamba la mahindi, na maksai wanne wa kulilima. Mwalimu Maganga aliwapeleka kidato cha tano shambani, akachomeka kigingi ardhini. "Hapa ni sifuri. Mbele kuelekea ule mkonge ni chanya. Nyuma kuelekea choo ni hasi. Marwa, simama hapa, tazama mbele. Wewe ni moja. Nikikuzidisha kwa hasi moja, unakuwa nani?"

"Hasi moja."

"Basi geuka." Marwa akageuka, akatazama choo. "Mnaona? Kuzidisha kwa hasi moja ni kugeuka nyuma. Sasa rudi ulivyokuwa. Nataka ufike kule kule nyuma, lakini kwa migeuko miwili iliyo sawa sawa. Utafanyaje?"

Marwa akafikiri. Akageuka kushoto, robo mzunguko, akatazama zahanati. Akageuka kushoto tena, akatazama choo.

"Huo mgeuko mmoja," akasema Maganga, "ndio i. Ukiufanya mara mbili umegeuka nyuma. i mara i ni hasi moja. Mliofundishwa kwamba haiwezekani mlikuwa mmesimama kwenye mstari mmoja, mbele na nyuma. Hakuna aliyewaambia shamba lina upana."

Hicho ndicho kiini chake, wanangu. Namba mlizozijua tangu utoto ziko kwenye mfereji mmoja wa plau. Namba changamano ni shamba zima. Nikikwambia 2 + 3i, maana yake toka kwenye kigingi, nenda mbele hatua mbili kwa kufuata mfereji, kisha ingia shambani kushoto hatua tatu. Hapo uliposimama ndiyo hiyo namba. Sehemu ya kwanza huitwa halisi, ya pili huitwa ya kufikirika, na msitishwe na jina. Kujumlisha ni rahisi: za mbele na za mbele, za pembeni na za pembeni. Kuzidisha ni kama mlivyozoea kufungua mabano, ila kila mnapokutana na i mara i mnaweka hasi moja.

Jaribuni hili. Tafuteni namba mbili ambazo jumla yake ni 4 na zao lake ni 13. Mtahangaika na mbili na mbili, moja na tatu, hata visehemu, hamtafika. Sasa chukueni 2 + 3i na 2 − 3i. Jumlisheni: i zinafutana, mnapata 4. Zidisheni: 4 + 9, mnapata 13. Moja iko kushoto kwa mfereji na nyingine kulia, umbali uleule. Hutembea pamoja kama mapacha. Mlinganyo wenye namba halisi ukikuzalia mmoja, mtafute mwenzake, yupo.

Mimi nilipokuja kuurudia mfano huo wa shambani nilitaka kumzidi mwalimu wangu. Badala ya Marwa nikatumia maksai wenyewe na plau. Nikawatangazia wanafunzi kwa mbwembwe kwamba sasa mtaona i kwa macho yenu. Nikamwambia anayewaongoza awageuze kushoto. Maksai wakageuka kulia. Tukawarudisha. Wakageuka kulia. Mzee aliyewafundisha nira aliwazoesha kulia, na ng'ombe wa Kikurya akishazoea hana mjadala. Nikabaki nimesimama na kijiti changu. Marwa ndiye akaniokoa: "Mwalimu, si hata kulia mara mbili wanafika nyuma?" Kweli. Hiyo ni i hasi, na yenyewe ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi moja. Tangu siku ile nikifundisha kwamba hasi moja ina vipeuo viwili nawataja wale maksai kwa heshima.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Muhula wa pili wa mkondo ule mpya, Mwalimu Maganga alihamishwa. Siku zile ukihamishwa umehamishwa. Wiki hiyohiyo alikuwa kwenye basi la Mwanza na sanduku lake la mbao, ameniachia kidato cha tano na maneno mawili, "Utaweza, binti." Mkuu wa shule akaniita akanieleza mambo yalivyo. Mkoani wameshajua kwamba mwalimu wa ngazi ile ameondoka. Mkaguzi atakuja kunisikiliza nikifundisha. Akiridhika, mkondo unabaki. Asiporidhika, unafungwa, wanafunzi wanatawanywa kwenye shule za mikoa mingine zenye nafasi, na asiyepata nafasi anarudi kwao.

Darasa lilikuwa dogo, na ndani yake wasichana wawili. Mnajua msichana wa siku zile akirudi nyumbani katikati ya kidato cha tano maana yake nini. Hakuna atakayesubiri nafasi ipatikane. Ng'ombe wataingia zizini na yeye atatoka. Niliwatazama wale wawili waliokaa dawati la mbele. Kidogo tu mimi mwenyewe ningekuwa wao.

Na Marwa hakuwa amekubali. Kila kipindi alinyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo ya kugeuka nimeelewa, sikatai. Lakini ukisema namba, mimi nataka kitu. Mbuzi wawili nawaona. Hasi mbili ni deni, nalijua. Hiyo i ni nini? Haipo. Tunawezaje kufanya hesabu na asiyekuwepo?" Alikuwa haulizi kwa utani. Kijana yule akishindwa kuamini kitu hakukiandika hata kwenye mtihani, aliacha nafasi wazi. Na wengine walianza kumfuata, maana mbishi mwenye akili huvuta watu.

Nilirudia plau, nikarudia kigingi, nikachora shamba ubaoni hadi muhogo ukaisha.

Mkaguzi akaja, mtu wa Tanga, mnene kidogo, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Alikuwa na adabu sana, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Akakaa nyuma, akasema, "Endelea, Ndugu Mwalimu, nichukulie kama sipo." Rahisi kusema.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya mlinganyo wenye x ya kipeo cha tatu, jambo ambalo hata sasa walimu wengi hulikwepa. Niliandika:

x³ = 6x − 4

Nikawauliza, nani anaona jibu kwa macho? Msichana mmoja wa mbele akasema mbili. Tukapima: mbili mara mbili mara mbili ni nane, sita mara mbili ni kumi na mbili, toa nne, nane. Sawa. Nikasema vizuri, sasa tulifikie kwa njia, maana si kila siku jibu litakuwa jepesi hivi.

Njia yenyewe ni ya kale. Unaigawa x iwe jumla ya namba mbili, u na v. Ukiizidisha jumla hiyo yenyewe kwa yenyewe mara tatu na kulinganisha na mlinganyo wetu, unakuta u mara v lazima iwe 2, na u³ jumlisha v³ lazima iwe −4. Kwa hiyo u³ na v³ ni namba mbili ambazo jumla yake ni −4 na zao lake ni 8. Tafuta sasa. Unafika mahali unadaiwa kipeuo cha hasi nne, kile kile cha bustani. Hakuna njia ya kuzunguka. Jibu ni mbili, tunaliona, limekaa pale kwenye mfereji, lakini barabara ya kulifikia inaingia shambani.

Tukaingia. Namba zenyewe ni −2 + 2i na −2 − 2i. Nikawaonyesha kwamba ya kwanza ni 1 + i iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu, na ya pili ni 1 − i vilevile. Basi x ni 1 + i jumlisha 1 − i. Moja na moja, mbili. i na i hasi zinafutana, zinakwenda zao.

Mkono wa Marwa ukapanda. Nilitamani muhogo unimeze.

"Mwalimu, mbili ipo. Nimeikubali. Lakini tumeipata kwa kupitia kwa mtu asiyekuwepo, halafu mwishoni asiyekuwepo ameondoka, mbili imebaki. Inawezekanaje? Asiyekuwepo anawezaje kuzaa aliyepo?"

Kule nyuma mkaguzi aliacha kuandika.

Wanangu, hapa lazima niwaeleze habari ya kwetu. Bibi yangu, aliyenilea, aliolewa kwa ng'ombe wengi akazaa mabinti watupu. Mumewe akafa. Kwa Wakurya mji usio na mtoto wa kiume ni mji unaofutika. Lakini tuna njia yetu, inaitwa nyumba ntobhu. Mabinti walipoolewa, Bibi alichukua ng'ombe wa mahari yao akamwoa binti mmoja awe mke wa mwanawe. Mwana gani? Mwana ambaye angemzaa na hakumzaa. Akampa jina, Mwita. Yule binti ndiye mama yangu. Aliyemsaidia kupata watoto ni jambo la watu wazima, halikujadiliwa. Sisi watoto tulikuwa wa Mwita. Jina letu la baba ni Mwita. Bibi kila jioni alimimina maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati akasema, "Hiki cha Mwita," kisha tukakigombania sisi. Na wakati wa kuhamia vijijini, kijana wa kugawa viwanja alipomuuliza mwenye kaya ni nani, Bibi akajibu, "Mwita." Yuko wapi? "Leo hayupo." Akapimiwa kiwanja kizuri, karibu na kisima, na hapo ndipo nilipokaa nikiandika haya.

Nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Taabu ilianza nilipoenda kusoma mbali, kwa watu wa makabila mengine. "Baba yako anafanya kazi gani?" Nilijibu hayupo. "Oo, pole sana." Nilipokea pole nyingi katika maisha yangu za msiba ambao haukutokea. Kule chuo cha ualimu wenzangu walinichangia hadi sabuni. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona aibu, nikafunga mdomo. Hata pale shuleni, Maganga mwenyewe hakujua. Kwetu Mwita ni wengi, nani angeuliza?

Nilisimama mbele ya darasa lile na kipande cha muhogo mkononi, na swali la Marwa likiwa hewani, nikamsikia vizuri kwa mara ya kwanza. Asiyekuwepo anawezaje kuzaa aliyepo. Nikaweka muhogo chini.

"Marwa, kwenu Kewanja hakuna nyumba ntobhu?"

Akashangaa. "Zipo, Mwalimu. Jirani yetu kabisa."

"Yule mama aliolewa na nani?"

"Na mtoto wa yule bibi."

"Mtoto yuko wapi?"

Akageuka akautazama ubao.

"Ng'ombe waliotolewa walikuwa wa kufikirika?"

"Hapana, Mwalimu. Walihesabiwa, mimi niliwaona."

"Na watoto waliozaliwa?"

"Wapo. Mmoja tunacheza naye mpira."

"Basi mimi ni mtoto wa nyumba hiyo," nikasema. "Baba yangu anaitwa Mwita na hakuzaliwa. Bibi yangu alikwama, hakuwa na njia kwenye mstari aliokuwa nao, akasema na awepo. Akampa jina, akamwekea sheria zake, akazifuata bila kukosea. Mwita hajawahi kulima, hajawahi kula, hajawahi kunibeba. Lakini mtoeni kwenye hesabu, muone kama mnanipata. Mimi hapa ndiyo mbili."

Kisha Marwa akasema polepole, si kwangu, kwa ubao, "Tobaa, mura," kama anayemwambia kijana mwenzake, na darasa zima likalipuka. Kila mtu alikuwa na nyumba ntobhu yake ya kutaja. Mmoja wa wale wasichana alikuwa anapiga dawati kwa furaha. "Kwa hiyo 1 + i na 1 − i…" "Wanakutana, i inaondoka…" "Mtoto anabaki!" Mkaguzi wa watu amekaa pale anageuza shingo huku na huku. Ikabidi wamweleze, wote kwa pamoja, wakimrukia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikurya, na Marwa akanyanyuka kabisa kwenda nyuma kumchorea kwenye daftari la mkaguzi mwenyewe, hapa bibi, hapa Mwita, hapa ng'ombe.

"Ala!" akasema mkaguzi. "Na ng'ombe ni wa kweli?"

"Wa kweli, Ndugu Mkaguzi!"

"Subhana." Akafikiri. "Nipeni mlinganyo mwingine, muufanye bila mwalimu."

Waliufanya. Marwa ndiye aliyeshika muhogo. Aliandika kipeuo cha namba hasi mbele ya watu wote, kwa mwandiko mkubwa, bila kusita, akanitazama kidogo kuhakikisha hakuna bustani.

Mkaguzi alikaa ofisini kwa mkuu wa shule muda ambao kwangu ulikuwa kama msimu mzima wa kilimo. Alipotoka alinikuta kwenye baraza. "Mwalimu Robi, mkondo unabaki. Hapana sababu ya kumtawanya hata mmoja." Akanipa mkono. "Na baba yako naye mpe salamu zangu." Alikwishapiga hatua mbili akasimama. "Ah. Samahani."

"Zitafika, Ndugu Mkaguzi," nikamwambia. "Bibi atampokelea."

Gari lake liliposhuka mlima nilienda nyuma ya maabara nikakaa kwenye majani nikalia kwa raha, kamasi na yote. Nililia kwa ajili ya wale wasichana wawili ambao sasa wangebaki kwenye dawati lao. Nililia pia kwa sababu jambo nililolibana kifuani miaka yote ile nilikuwa nimelitoa mbele ya mgeni, na dunia ilikuwa palepale, kuku wa mpishi wanaparura, kengele ya chakula inalia. Nilikula ugali siku hiyo kama mtu aliyetoka kulima.

Baadaye mambo yalibadilika. Chaki zilirudi, vitabu vya logi vikaondoka, vikaja vikokotoo. Kikokotoo ukikidai kipeuo cha hasi nne, vingi vitakuandikia kuwa umekosea. Hujakosea. Kimefika mwisho wa mfereji wake tu. Na mafundi umeme watawaambia i huyo huyo, wao humwita j, ndiye anayewasaidia kukokotoa umeme unaowasha taa zenu za kusomea. Mimi hayo niliyasoma vitabuni, mkiyataka muwaulize wenyewe.

Likizo iliyofuata ujio wa mkaguzi nilirudi hapa Gorong'a. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta ulezi. Nilimwamkia, nikamweleza kila kitu, kuanzia mkaguzi hadi salamu. Alisikiliza bila kuacha ungo.

"Kumbe hao wenye hesabu nao wana nyumba ntobhu," akasema.

"Wanayo, Bibi."

"Walikwama, wakamleta asiyekuwepo."

"Ndiyo."

"Na mambo yakaenda."

"Yanaenda mpaka leo."

Akapepeta kidogo. "Huyo wao walimpa jina gani?"

"i."

"i nani?"

"Basi. i tu. Herufi moja."

Ungo ukasimama. Bibi alinitazama kwa huruma, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya watu wote waliowahi kusoma hesabu. "Herufi moja," akasema. "Masikini. Mimi wangu nilimpa jina zima."

Kisha akaniuliza kama wale wasichana wamebaki shuleni, nikamwambia wamebaki. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando, akamimina kwenye kile kikombe cha bati hadi pomoni.

"Hiki cha Mwita," akasema.

Nikakipokea nikakinywa chote.